Sikio la Kushoto

Binti yangu aliniletea kishikwambi alipokuja likizo kutoka Dodoma, anakofanya kazi ya ofisini. Alikiweka juu ya meza ya sebuleni kwa uangalifu ule wa watu wanaobeba keki ya harusi. Kilikuwa na kava, na ubavuni pa kava ilichomekwa kalamu. Nimekuwa karani wa kupima pamba karibu maisha yangu yote ya kazi. Nimeona kalamu zilizokauka, zilizovuja mfukoni, na zilizoazimwa zisirudi. Hii ilikuwa ya kwanza ambayo hata ikiwa mpya haina wino, na bado inataka kuchajiwa.

"Baba, hii ni ya kuchorea," akasema. "Si ulituambia ulikuwa mchoraji shuleni?"

Niliwaambia, ni kweli. Huenda niliwaambia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikiwa kidato cha pili nilichora moyo wa ng'ombe kwenye daftari la baiolojia, mwalimu akauonyesha darasa zima, na tangu siku hiyo nimeishi kama mtu aliyenyimwa nafasi na dunia. Hakuna aliyeninyima kitu. Niliacha kuchora kwa uvivu, kisha nikaoa, kisha msimu wa pamba ukawa unakuja kila mwaka bila kukosa. Lakini hadithi ya kunyimwa nafasi ni tamu zaidi, na wanangu wamelishwa hadithi hiyo tangu wadogo, pamoja na michembe ya viazi.

"Hiki si ndicho wanachotembea nacho watu wa sensa?" nikamuuliza.

"Ndicho, baba. Ila hiki hakitakuuliza una choo cha aina gani."

Kwa majirani zangu wa Bariadi habari hiyo haikufika. Kila nilipokaa barazani na kishikwambi magotini, wapita njia walipunguza mwendo. "Mzee, sensa tena? Sisi tulishahesabiwa." Mama mmoja wa mtaa wa pili, kabla hata ya salamu, alianza kunitajia wanawe mmoja mmoja pamoja na umri wao. Nilimwacha afike mwisho. Sikuwahi kupewa hesabu kwa heshima namna hiyo nilipokuwa na mzani wa pamba.

Nikaanza kujifunza. Mkono wangu unatetemeka, lakini ndani ya kishikwambi kuna mahali pa kunyoosha mistari. Unaongeza kidogo, mstari unanyooka, unaongeza tena, na baada ya siku chache unaamini ni mkono wako ulionyooka. Na ukikosea, unagusa kioo kwa vidole viwili na kosa linaondoka, kama halikuwahi kutokea. Mtu wa umri wangu hapaswi kupewa kitu cha namna hiyo bila usimamizi. Nilikuwa nachora makosa mengine makusudi, ili tu nipate raha ya kuyaondoa.

Mwalimu wangu alikuwa kijana mmoja wa mtandaoni, mwenye ndevu zilizochongwa, anayezungumza Kiingereza kama mtu anayefukuzwa. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne nilikuwa napata nusu, na nusu nyingine naijaza mwenyewe. Siku moja alifundisha kitu nilichokipata chote. Ukiitazama picha yako muda mrefu, alisema, jicho linaizoea na kuanza kukudanganya. Basi igeuze kama ilivyo kwenye kioo, kushoto kuwe kulia, na kasoro zote zitajitokeza. Kitufe chenyewe ni kidogo, kipo juu pembeni. Wakati huo nilikuwa nachora jogoo. Nikakibonyeza, na kweli, jogoo niliyekuwa najivunia alikuwa na mguu unaoanzia shingoni.

Tangu hapo nikawa nageuza kila kitu. Nachora, nageuza, narekebisha, narudisha. Nilijiona nimeingia kwenye siri ya mafundi. Jogoo alipokamilika nilimtuma kwenye grupu la ukoo. Watu wakajibu kwa vidole gumba na makofi. Mpwa wangu mmoja aliuliza kama bata huyo ni wa kufuga au wa ziwani. Vijana wa siku hizi hawana adabu, na wakati mwingine hawana makosa pia.

Sasa nifike kwa ng'ombe.

Dada yangu mkubwa anaishi Migato. Ni mjane. Mifugo yake mingi iliisha kwenye kiangazi kibaya, akabaki na ng'ombe mmoja wa maziwa na mtamba wake, binti wa ng'ombe huyo huyo, ambaye bado hajazaa. Maziwa ya asubuhi yalikuwa chumvi yake, sabuni yake na nauli yake ya kwenda kliniki. Na yalikuwa chai yake. Kwa dada yangu mgeni haulizwi kama atakunywa chai. Unakaa, unasalimia, na kikombe cha chai ya maziwa kinakuwa kimeshafika, kizito, chenye utando juu.

Kwetu ng'ombe husomwa. Rangi, pembe, mabaka, na zaidi ya yote masikio. Nyumba yetu hukata ncha ya sikio la kushoto tangu enzi za babu. Ng'ambo ya kijito, mkabala na dada yangu, anakaa shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, na nyumba yao hukata la kulia. Mtoto ambaye hajaanza shule akimwona ng'ombe mmoja njiani anajua ampeleke upande gani wa kijito. Serikali nayo ilileta hereni za masikioni zenye namba, kitu kizuri cha kisasa. Hereni ya ng'ombe wa dada yangu ilidumu mpaka alipokutana na mti wa miiba.

Asubuhi moja dada alinipigia simu.

"Ng'ombe hajarudi."

"Yupi?"

"Kwani ninao wangapi?"

Alikuwa amepelekwa kwenye mabua jana yake. Jioni mtamba akarudi peke yake, analia. Kamba ya mama yake ilikutwa imekatwa kwa kisu.

"Nataka upige simu Dutwa kabla ya mnada wa mifugo wa kesho," dada akasema. "Wewe unawajua madalali tangu ukarani wako. Waambie mwekundu, baka jeupe ubavu wa kushoto, pembe ya kushoto imelala, sikio la kushoto limekatwa ncha. Waambie hivyo hivyo nilivyosema."

Hivyo ndivyo ng'ombe wetu wametafutwa siku zote. Maneno machache, yanayopita mdomo hadi mdomo, na kila anayeyapokea anayarudia kwa sauti mbele ya aliyempa. Hayana uzuri wowote. Ninachoweza kusema kwa kuyatetea ni kwamba ng'ombe walikuwa wanapatikana.

"Dada," nikasema, "maneno ya nini siku hizi? Nitakuchorea."

"Utanichorea?"

"Watu wanatazama picha, dada. Hakuna anayesoma maneno."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Siku ile nilichora kama ambavyo sijawahi kufanya kazi yoyote, hata ule ukarani niliolipwa mshahara. Ng'ombe yule nilimjua. Nilimchora ametazama kushoto kwangu, mlangoni, ubavu wake wa kushoto ukiwa upande wetu. Nikatafuta wekundu wake, ule wa udongo uliolowa, si wa tofali. Nikaweka baka jeupe, lenye kingo zilizoraruka kama chapati. Nikachora mkunjo wa ngozi shingoni, na unyevu wa pua. Nikachora kope. Niliongeza ukubwa wa picha mpaka jicho likajaa kioo kizima, nikaweka kope moja baada ya nyingine, na ndani ya jicho nikaweka kitone cha mwanga. Ukitaka kujua kitone cha mwanga kilimsaidia nini dada yangu, subiri kidogo.

Kisha nikageuza, kama fundi. Ng'ombe akatazama upande wa pili, dirishani. Nikaona pembe iliyolala imelala mno, nikaiinua. Nikaona tumbo limeshuka, nikalipandisha. Nilikaa na ng'ombe huyo aliyegeuka muda mrefu, mpaka jicho langu likamzoea yeye. Chaji ilikuwa inakaribia kuisha na umeme ulikuwa umekatika. Nikaweka sahihi yangu pembeni chini, kwa mwandiko wa kupendeza, nikatuma. Sahihi ilisomeka vizuri kabisa. Kwenye picha nzima, jina langu ndilo peke yake lililokuwa upande wake sahihi.

Chini ya picha niliandika: "Ng'ombe anatafutwa. Picha inajieleza." Maneno ya dada sikuyaandika hata moja. Sikutaka kuharibu kazi.

Nilimtuma kwenye grupu la ukoo, la sungusungu wa kijiji cha dada, na kwa madalali wa mnada. Picha ilitembea kuliko ng'ombe mwenyewe alivyowahi kutembea. Mtu mmoja wa Kalemela, ambaye simjui, aliandika: "Mzee, huyu karibu alie." Mwingine akauliza kama ninachora na watu. Jioni ile nilikuwa nasoma sifa. Kupiga simu Dutwa nilikusudia, nikaona haina haja, kwa kuwa picha imeshafika. Aliyekuwa hajaiona ni dada peke yake, kwa sababu simu yake ni ya vitufe, haipokei sanaa.

Siku iliyofuata mnada, shemeji yangu alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yangu mchana wa jua kali.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kumwona fundi aliyenichora."

"Nimechora ng'ombe."

"Umenichora mimi." Akatoa simu yake, akanisogezea karibu na pua. "Hili sikio ni anwani yangu. Leo alfajiri vijana wa sungusungu wenye marungu wamejaa bomani kwangu, wamepanga ng'ombe wangu mstari, wanawakagua masikio kama mabwana afya. Mwenye boma niko wapi? Niko nyuma ya nyumba nang'oa miiba miguuni, nimetoka kumtafuta huyo huyo ng'ombe wa dada yako!"

"Vijana hawajui kutazama picha."

"Vijana wanajua kutazama. Wamenionyesha. Nami nikawaambia ni kweli, anafanana na wa kwangu, isipokuwa wa kwangu hajapakwa wanja."

Nilichukua simu nikaitazama. Niliona ng'ombe mzuri. Nilitafuta kosa kwa moyo mweupe na sikuona chochote ila uzuri.

Shemeji akaniangalia kwa huruma. Akashika sikio lake mwenyewe.

"Shemeji, hili ni la kushoto. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Sasa jifanye wewe ni ng'ombe. Si kazi kubwa. Simama ukitazama kule anakotazama huyu wako. Sikio lililo upande wetu ni lipi?"

Nikasimama barazani kwangu, mzee mzima, nikitazama dirisha. Nikapeleka mkono kwenye sikio langu. Ulikuwa mkono wa kulia.

Niliingia ndani nikaleta kishikwambi. Niligusa kile kitufe kidogo cha juu pembeni, mara moja. Ng'ombe akageuka, akatazama mlangoni, baka likahamia kushoto, sikio likahamia kushoto. Ni jina langu tu lililogeuka nyuma mbele.

"Amevuka kijito?" shemeji akauliza.

"Nimemgeuza. Nilisahau kumrudisha."

"Basi hapo hapo wageuze na wale vijana watoke bomani kwangu."

Nilipiga simu Dutwa. Nilikuwa na siku nzima ya kuipiga kabla ya mnada, nikaipiga baada yake. Dalali niliyempata ni mtu mwaminifu, tumefahamiana tangu tukiwa na nywele. Nikamsomea maneno ya dada, yale yale, nilivyotakiwa kuyasoma mwanzo.

"Mzee," akasema, "huyo nilimshika kamba kwa mkono huu. Mwekundu, pembe imelala, baka. Nikamsimamisha aliyekuwa naye, nikafungua picha yako. Kila kitu ni chenyewe, ila upande. Baka na sikio viko upande mwingine."

"Na wewe?"

"Nikasema, mzee huyu amechora mpaka kope. Mtu aliyechora kope hawezi kukosea sikio. Nikamwachia."

"Yuko wapi sasa?"

"Alipakiwa."

"Lori limeelekea wapi?"

"Mzee, yalikuwa malori mengi, na yote yaliondoka."

Shemeji, aliyekuwa amekataa kiti, akakaa. Hakutania tena. Alisema tu, "Alikuwa na mimba, unajua." Nilikuwa sijui.

Tulijaribu. Tulipiga simu kwa kila tunayemjua kwenye njia za malori, kwa maneno, bila picha. Hakuna aliyerudisha jibu. Mbele ya sungusungu nilisimama nikaeleza kwamba shemeji yangu hana kosa, na kwamba sikio lile lilikuwa langu. Kijana mmoja akauliza kwa sauti kama aliyekata kamba naye nilimchora kwa nyuma. Wakacheka, na nikaona wana haki. Nilimpa shemeji beberu wa fidia. Akampokea, akamtazama masikio yote mawili kwanza, akasema ameridhika.

Binti yangu akanipigia kutoka Dodoma kunipa moyo. "Baba, usijilaumu. Kusahau kurudisha picha ni kosa la kawaida. Wachoraji wote linawatokea."

"Wachoraji wote hawana dada Migato," nikamwambia.

Nilichelewa kwenda kwa dada. Nilikuwa na sababu nyingi: mara joto, mara usafiri, mara goti. Ng'ombe wa kumlipa sina. Niliacha kufuga nilipohamia mjini, nikajiona nimeendelea. Hatimaye nikaenda, na kishikwambi kwenye mfuko, na pakiti ya maziwa ya dukani mkononi. Hata sasa nikikumbuka ile pakiti nasikia joto usoni.

Dada aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu. Juu ya pakiti kulikuwa na picha ya ng'ombe. Akaisogeza machoni.

"Na huyu," akauliza, "wamemkata sikio upande gani?"

Nilikaa. Nilimsalimia, akaitikia, akaniuliza goti, akaniuliza watoto. Kikombe kikaja. Kilikuwa cha chai ya rangi. Aliiweka mbele yangu bila kuomba radhi na bila kunitazama, na pakiti yangu ilikuwa juu ya kabati haijafunguliwa. Nimekunywa chai ya rangi sehemu nyingi, lakini katika nyumba ile ilikuwa mara ya kwanza. Niliweza kuona mpaka kitako cha kikombe. Niliinywa yote. Hakunigombeza, na nilijua hatanigombeza, kwa hiyo nikaanza mwenyewe.

"Ungeniambia tu nipige simu."

"Nilikuambia."

"Uliniambia," nikasema. "Nikaona najua zaidi."

"Ulichora vizuri lakini," dada akasema. "Mtoto wa jirani alinionyesha kwenye simu yake. Jicho ni lake kabisa. Nilimwangalia jicho kwanza, nikafurahi. Halafu nikaona sikio." Akakusanya vikombe. "Nikamwambia mtoto, huyu ni ng'ombe wangu amekwenda kuolewa kwa shemeji."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilitoa kishikwambi mfukoni nikakiweka chini ya kiti, mbali, kama kiatu kichafu. Nikamwambia nitakirudisha Dodoma.

"Hicho kina chaji?" akauliza.

"Kina."

"Basi njoo."

Nilimfuata mpaka zizini. Mtamba alikuwa amesimama peke yake katikati ya nafasi kubwa, mwekundu kama mama yake, bila baka. Ni yeye tu aliyebaki, na akizaa, ndipo chai ya nyumba ile itakaporudi rangi yake. Dada alifungua kijiti cha mlango, akamsogelea, akimsemesha Kisukuma taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto asiogope sindano.

"Mchore," akasema. "Kabla naye hajaibiwa. Kushoto, kisha kulia, kisha uso. Na maneno uyaandike, yote, nitakusomea."

"Sawa, dada."

"Na ile ya kugeuza usiiguse."

"Siigusi."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ile aliyokuwa anakamulia. Nilitoa kalamu ubavuni mwa kava. Mkono ulitetemeka na sikuongeza kunyoosha mistari. Nilipofika kwenye kichwa nikainua macho, na nikamwona dada ameshalishika sikio la kushoto la mtamba, lile lililokatwa ncha, analiinua juu kidogo ili nilione. Nilimwambia anaweza kuliachia, nimeliona.

"Chora," akasema.

Aliendelea kulishika mpaka nilipomaliza.